Apollo Hakumlazimisha Oedipus Kuuliza

Muulize mwanafunzi wa fasihi kwa nini Oedipus aliangamia, naye atakujibu bila kusita: alikuwa na kiburi, kiburi kikampofusha, miungu ikamwadhibu. Jibu hili ni fupi na hukaririka upesi. Lakini ukiisoma kwa utulivu tamthilia yenyewe ya Mgiriki Sophocles unakuta jibu halisimami. Oedipus alikuwa ameshamuua baba yake na kumwoa mama yake miaka mingi kabla hatujamwona jukwaani akimfokea mtu. Tena utabiri kwamba atamuua baba yake ulitolewa kabla hajazaliwa. Kama kiburi ndicho kosa, basi hukumu ilimtangulia mkosaji kuja duniani.

Mkanganyiko huu unatokana na kuyafunga pamoja mambo matatu, yaani majaliwa, kiburi na kutoiona kweli, kana kwamba moja humzaa mwenzake kwa utaratibu ule ule katika kila tanzia ya Kigiriki. Waandishi wenyewe hawakuandika hivyo. Ipo tamthilia ambayo majaliwa yamejaa kila pembe na kiburi kimekaa kando; ipo nyingine ambayo msiba wake haukutabiriwa na mungu yeyote, ila ukaidi wa mtu mmoja unaua watu watatu. Nitakaa zaidi na Oedipus, kwa kuwa naona ndiye aliyesingiziwa kuliko wote, kisha nimweke pembeni ya Creon, shemeji yake, aliyekuja kutawala mji ule ule wa Thebes.

Kwa asiyeijua hadithi: Thebes imepigwa na tauni. Mfalme wake ni Oedipus, mgeni aliyepewa kiti baada ya kutegua kitendawili cha Sphinx, lile dubwana lenye uso wa mwanamke na kiwiliwili cha simba lililokuwa likiwamaliza wenyeji. Anamtuma Creon kwenye hekalu la Apollo, mungu wa utabiri, huko Delphi, na jibu linarudi kwamba aondolewe mtu aliyemuua Laius, mfalme aliyetangulia. Oedipus anamlaani muuaji hadharani na kuanza kupeleleza. Siku hiyo hiyo anagundua kwamba muuaji ni yeye, kwamba Laius alikuwa baba yake mzazi, na kwamba Jocasta, mjane wa Laius ambaye amezaa naye watoto wanne, ni mama yake. Jocasta anajinyonga. Oedipus anachomoa vibanio vya dhahabu kwenye vazi la Jocasta na kujichoma navyo macho. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, ya mwaka 1971.

Sophocles aliiandika ichezwe kwenye sikukuu ya mungu Dionysus mjini Athens, mchana kweupe, mbele ya maelfu ya raia walioketi kwenye mteremko wa kusini wa Acropolis, waigizaji wote wakiwa wanaume waliovaa vinyago. Wataalamu wengi huiweka katika miaka ya 420 KK, na ni rahisi kuona kwa nini. Mwaka 430 KK, Athens ikiwa vitani na Sparta, ilizuka tauni kali mjini, na mwaka uliofuata kiongozi wake mkuu, Pericles, akafariki. Hawa watu walioketi kutazama mji wa Thebes ukiteketea walikuwa wanajua harufu ya tauni. Walikuwa pia na kinyongo na Delphi. Mwanahistoria Thucydides anasimulia kwamba Wasparta walipouliza kuhusu vita waliambiwa watashinda wakipigana kwa nguvu zao zote, na kwamba mungu mwenyewe atawasaidia, aitwe asiitwe. Kwa hiyo Jocasta anaposema jukwaani kwamba utabiri haufai kitu, tusidhani watazamaji wote walishtuka. Wapo waliokuwa wakisema hivyo majumbani mwao. Na korasi, lile kundi la wazee wa Thebes wanaoimba na kucheza katikati ya maonyesho, inauliza: ikiwa utabiri unaanguka na mwovu anaheshimiwa, kwa nini nicheze ngoma hii ya ibada? Waliouliza walikuwa wanacheza kweli, kwenye sikukuu ya mungu kweli.

Sasa, utabiri ulisema nini hasa? Laius aliambiwa atauawa na mwanawe. Oedipus aliambiwa atamuua baba yake na kulala na mama yake. Kauli hizo mbili za Delphi zinaishia kwenye matendo. Hazisemi kwamba siku moja mtendaji atajua alichokitenda. Mtu anaweza kunijibu kwamba Apollo ndiye aliyeagiza muuaji asakwe, na hilo ni kweli. Lakini Apollo aliuliza swali moja tu: nani alimuua Laius? Swali la pili, mimi ni mtoto wa nani, hakuna mungu aliyeliagiza. Oedipus analizusha mwenyewe katikati ya upelelezi, analishika, na kuanzia hapo analiacha nyuma lile la kwanza. Mtumishi wa Laius aliyenusurika siku ya mauaji anaitwa aje athibitishe kama wauaji walikuwa mmoja au wengi, lakini haulizwi jambo hilo hata kidogo; anapofika anaulizwa habari za mtoto mchanga. Mji ungeweza kuokolewa bila Oedipus kujua mama yake ni nani. Yeye ndiye aliyetaka kujua.

Msomaji wa kwetu huja na methali yake, liandikwalo ndilo liwalo, na nyuma ya methali hiyo yupo Mungu mmoja, muumba, mwenye hekima na haki. Tukiisoma tanzia ya Kigiriki kwa imani hiyo tunalazimika kumtafutia Oedipus dhambi, kwa sababu Mungu mwenye haki hamwandikii mtu balaa hili bure. Apollo wa Wagiriki ni wa namna nyingine. Hakuumba ulimwengu, na katika tamthilia hii hakuna anayesema kwamba utabiri wake ulikuwa malipo ya kosa fulani. Anajua, na anasema anachojua. Aeschylus, mtunzi mwingine wa tanzia, katika tamthilia yake ya mwaka 467 KK kuhusu ukoo huo huo, alieleza kwamba Apollo alimwonya Laius mara tatu asizae, naye Laius akazaa. Hiyo ni sababu: baba alikaidi, watoto wakalipa. Sophocles aliijua hadithi hiyo, na katika tamthilia yake akaiacha. Naamini aliiacha kwa makusudi. Ukiiondoa dhambi ya Laius, huna tena pa kuegemeza lawama, na inakubidi umtazame Oedipus anavyohangaika na mambo ambayo hayana maelezo.

Tutazame basi alivyofika kwenye njia panda alikomuua Laius. Oedipus alikulia Korintho, kwa mfalme Polybus na mkewe Merope, akiamini ndio wazazi wake. Karamuni mlevi mmoja akamtolea maneno kwamba yeye si mtoto wa Polybus. Wazazi wakakana kwa hasira, lakini neno lilikuwa limeshamwingia, na kijana akatoroka kimyakimya kwenda Delphi kuuliza. Apollo hakumjibu alichouliza. Akamwambia yale ya kumuua baba na kumwoa mama. Oedipus akaapa kutokanyaga tena Korintho.

Hapa ndipo penye upofu wake wa kwanza, na kiburi hakihusiki nao hata kidogo. Kijana aliyekwenda Delphi kwa sababu ana shaka kama Polybus ni baba yake anatoka Delphi akimkimbia Polybus kana kwamba hana shaka tena. Hofu imemfutia swali lake. Kama angebaki na shaka yake kwa siku chache zaidi, angejiambia kwamba mwanamume yeyote mwenye umri wa baba yake ni hatari kwake, na mwanamke yeyote mwenye umri wa mama yake vilevile. Badala yake anaelekea upande wa Thebes akiamini kila hatua inamwokoa. Katika nchi ya Phocis, mahali njia ya Delphi inapokutana na ile ya Daulis, anakutana na gari la farasi na mzee ndani yake. Wanataka kumsukuma kando; anampiga aliyemsukuma; mzee anamtwanga utosini kwa mchokoo wa farasi. Oedipus anamuua mzee yule na, kama anavyodhani, wote waliokuwa naye. Kijana mwenye hasira? Bila shaka. Lakini aliyeanza kupiga kichwa cha mwenzake ni Laius, na hasira ya barabarani haitoshi kueleza balaa la namna hii.

Watu husema Oedipus alikuwa kipofu kwa sababu hakutaka kuona. Mimi naona Sophocles ametupa picha yenye kutisha zaidi: kweli ilikuwamo mjini siku zote, ila imegawanywa vipande na kila kipande kimekaa kwa mtu wake. Jocasta anajua kwamba mtoto wake mchanga alifungwa vifundo vya miguu na kutupwa mlimani. Oedipus ana makovu kwenye vifundo vya miguu. Wameishi nyumba moja miaka yote hiyo, wamelala kitanda kimoja, na vipande hivyo viwili havijawahi kukutanishwa. Mjumbe atakayetoka Korintho anacho kipande cha tatu, kwamba yeye ndiye aliyempelekea Polybus mtoto huyo, baada ya kupewa na mchungaji wa Laius kwenye mlima Cithaeron. Na mchungaji huyo, aliyeagizwa amtupe mtoto akashindwa kwa huruma, ndiye yule yule mtumishi aliyenusurika njia panda. Mtu mmoja anabeba nusu zote mbili za siri. Aliporudi Thebes na kumkuta Oedipus amekalia kiti, alimshika Jocasta mkono akamsihi ampeleke malishoni, mbali na mji, mahali ambapo hatauona tena. Jocasta akamkubalia kwa wema. Hakumuuliza sababu.

Mtumishi huyo aliuambia mji kwamba wauaji walikuwa kundi. Creon anaporudia maneno hayo mbele ya Oedipus, akisisitiza kwamba walikuwa wengi, Oedipus anajibu: angethubutuje mnyang'anyi kufanya hivyo kama hakulipwa fedha kutoka humu mjini? Mnyang'anyi, mmoja. Ulimi wake umeponyokwa na idadi iliyo sahihi, na hakuna hata mmoja jukwaani aliyeisikia. Watazamaji, ambao waliijua hadithi tangu utotoni, walisikia. Kinaya cha Sophocles kimejengwa kwa vitu vidogo hivi, na ndicho kinachotufanya tuketi kwenye ukingo wa kiti ilhali mwisho tunaujua.

Je, Oedipus hana kiburi? Anacho. Mwanzoni kabisa anajitambulisha kwa wananchi kuwa yeye ndiye Oedipus anayejulikana na wote. Kiburi chake kina chimbuko la kweli: mji mzima ulishindwa na kitendawili, waaguzi wakiwemo, yeye akakitegua peke yake kwa akili zake. Anamrushia Teiresias, mwaguzi kipofu, maneno hayo hayo: ulikuwa wapi na ndege zako za kuagulia wakati Sphinx alipokuwa anatumaliza? Nilikuja mimi, nisiyejua kitu, nikamnyamazisha. Teiresias anamjibu kwa maneno ambayo yamekuwa maarufu kuliko yote katika tamthilia hii: umenidhihaki kwa upofu wangu, lakini wewe una macho na huoni umesimama katika uovu gani, wala unaishi wapi, wala unaishi na nani.

Ila tusisahau jinsi ugomvi huo ulivyoanza. Teiresias alikuja amechelewa, akakataa kusema, akaomba arudishwe nyumbani. Mji unakufa, na mtu pekee anayejua dawa anasema hatasema. Oedipus anamsihi kwanza kwa unyenyekevu, kisha anakasirika, na hapo mwaguzi, naye akiwa amekasirika, anamtupia usoni kwamba muuaji ni wewe. Mtawala mgeni, aliyerithi kiti cha mfalme aliyeuawa na muuaji wake hakutafutwa, akiambiwa neno hilo na mtu aliyeletwa kwa ushauri wa shemeji yake, atawaza nini? Atawaza njama. Wanasiasa wa Athens wangewaza hivyo hivyo. Kosa lake kubwa hapa ni kutaka kumuua Creon bila ushahidi wowote, na sina nia ya kumtetea kwa hilo. Ni Jocasta na wazee wa korasi wanaomzuia. Lakini hebu tujiulize: kama angemsikiliza Teiresias kwa heshima yote, nini kingebadilika? Laius asingefufuka na ndoa isingefutika.

Kinachofuata ndicho kiini cha tamthilia nzima kwangu. Jocasta anataka kumtuliza mumewe. Anamwambia asijali waaguzi, kwani Laius naye alitabiriwa kuuawa na mwanawe, kumbe aliuawa na wanyang'anyi mahali njia tatu zinapokutana. Faraja hiyo hiyo inamtia Oedipus baridi mwilini: njia tatu? Mwanafalsafa Aristotle, karne moja baadaye, aliisifu tamthilia hii kwa namna mgeuko wa mambo na utambuzi vinavyotokea kwa pamoja, akamtolea mfano mjumbe wa Korintho aliyekuja kumwondolea Oedipus hofu juu ya mama yake na, kwa maneno yale yale ya kumwondolea hofu, akamfunulia yeye ni nani. Kila anayejaribu kusaidia anafungua mlango mmoja zaidi.

Jocasta anaelewa kabla ya mumewe. Anamwomba, kwa jina la miungu, asiendelee kuuliza, na neno lake kwake ni hili: laiti usingejua kamwe wewe ni nani. Oedipus anamwelewa vibaya kabisa. Anadhani malkia anaona aibu kugundua kwamba ameolewa na mtoto wa mtumwa, na anajitangaza kuwa mwana wa Bahati, asiyeona haya kwa asili yake. Sijui upofu mkubwa kuliko huu katika fasihi: mwanamke aliye mbele yake ameshaanza kufa, naye anazungumzia heshima ya cheo. Na hapa kiburi kipo, kinaonekana wazi. Ila tazama kazi yake. Kiburi hicho ndicho kinachomfanya amwite mchungaji. Mtu mwoga angemsikiliza Jocasta, angefunga faili, na angeishi. Mchungaji, akitishiwa mateso, analia kwamba amefika ukingoni mwa kulisema lile la kutisha. Oedipus anajibu: nami niko ukingoni mwa kulisikia, lakini sharti nilisikie.

Kwa hiyo ile fomula ya kiburi kinachopofusha imegeuzwa juu chini. Katika tamthilia hii kile tunachokiita kiburi chake, ile imani kwamba kila fumbo lina jibu na yeye atalipata, ndicho kinachomfikisha kwenye kweli. Waliokuwa wanyenyekevu, wapole, wenye huruma, yaani mchungaji na Jocasta, ndio waliotaka ifichike.

Baada ya kujipofusha, wazee wanamuuliza ni mungu gani aliyemsukuma. Jibu lake ni la kusomwa polepole: ni Apollo, rafiki zangu, ni Apollo aliyeyatimiza mateso yangu haya, lakini mkono uliopiga ni wangu mwenyewe, si wa mwingine. Sisi hutaka kuchagua: ama mungu alifanya, ama mtu alifanya. Mgiriki wa karne ya tano KK hakuona ulazima huo, na tendo moja liliweza kuwa na watendaji wawili, kila mmoja mtendaji kamili. Aeschylus alikuwa ameshalisema kwa namna nyingine mwaka 472 KK katika tamthilia yake kuhusu Waajemi walioshindwa na Wagiriki kwenye vita vya majini vya Salamis miaka minane kabla. Mzimu wa mfalme Darius unainuka kaburini, unasikia jinsi mwanawe Xerxes alivyoifunga bahari ya Hellespont kwa daraja ili avushe jeshi lake, na unakumbuka kwamba kulikuwa na utabiri wa zamani wa maangamizi. Alitumaini ungechelewa vizazi vingi. Lakini, anasema, mtu akiharakisha mwenyewe, mungu naye humuunga mkono. Majaliwa yalikuwepo, kasi ilikuwa ya Xerxes.

Na Aristotle? Mara nyingi yeye ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha dhana ya shujaa mwenye kasoro ya tabia. Alichosema ni kwamba tanzia bora humhusu mtu asiye mtakatifu wala mwovu, anayeanguka kwa kosa fulani, tena akasisitiza kwamba haangukii kwa uovu. Oedipus ni mmoja wa mifano anayoitaja. Kosa la kumpiga mzee bila kujua ni nani linatosha kabisa kueleza maneno hayo. Hakuna haja ya kuliongezea tabia mbaya. Mtaalamu wa Kigiriki E. R. Dodds aliandika mwaka 1966 kulalamikia wanafunzi wake walivyokuwa wakiligeuza kosa hilo kuwa hukumu ya maadili, na kwa ninavyoona malalamiko yake bado yanahitajika.

Anayestahili ile fomula ni Creon wa tamthilia ya Antigone, ambayo Sophocles aliitunga mapema zaidi, karibu mwaka 441 KK, ingawa kisa chake kinakuja baada ya Oedipus kuondoka. Wana wawili wa Oedipus wameuana wakigombea kiti. Creon, sasa mtawala, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine, Polyneices, aachwe juu ya ardhi aliwe na mbwa na ndege. Dada yao Antigone anamzika, anakamatwa, na anahukumiwa kufungiwa hai pangoni. Hakuna utabiri uliosema Creon atatoa amri hiyo. Hakuna mungu aliyemnong'oneza.

Haemon, mwanawe Creon na mchumba wa Antigone, anakuja kwa adabu kubwa kumweleza baba yake kwamba mji unanung'unika gizani. Miti inayoinama kwenye mafuriko husalimika na matawi yake, anasema, na inayokaza hung'olewa na mizizi. Creon anauliza kama mji si mali ya mtawala wake. Haemon anajibu kwamba mji wa mtu mmoja si mji, na kwamba baba yake angetawala vizuri sana akiwa peke yake jangwani. Kisha anakuja Teiresias yule yule, anamwambia binadamu wote hukosea na mwenye busara ni anayelitibu kosa lake, na Creon, kama Oedipus, anamtuhumu kwamba amehongwa.

Tofauti ya wafalme hawa wawili iko hapa. Wote wanamtukana mwaguzi kwa tusi lile lile. Lakini maneno ya Teiresias kwa Oedipus yanahusu jambo lililokwisha kutendeka. Kwa Creon yanahusu jambo ambalo bado linaweza kutenguliwa. Antigone yu hai wakati huo. Creon anatishika, anauliza wazee afanye nini, nao wanampa mpangilio: nenda kamtoe binti pangoni, kisha mjengee marehemu kaburi. Anatoka mbio, na anapofika anageuza mpangilio. Anaanza kumzika Polyneices. Anapofika pangoni Antigone ameshajinyonga, Haemon anamtemea baba yake mate usoni na kujichoma upanga, na nyumbani mama yake Haemon, Eurydice, naye anajiua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa Creon methali hiyo inafaa kabisa, ijapokuwa hapa mkuu ni yeye na waliomwonya ni mwanawe, mwaguzi na raia zake.

Inasaidia kujua kwamba jeuri ya namna ya Creon ilikuwa kosa la jinai katika Athens. Raia yeyote aliweza kumshtaki mtu aliyemdhalilisha mwingine, hata kama aliyedhalilishwa ni mtumwa, na Aristotle alieleza kwamba mwenye jeuri hiyo humwaibisha mwenzake kwa raha ya kujiona yuko juu yake. Kuiacha maiti iliwe na mbwa ni jeuri ya aina hiyo. Kutaka kumjua mama yako si jeuri.

Kuna aina ya tatu ya upofu, na nitaipitia kwa ufupi ingawa inastahili makala yake. Katika Bacchae, tamthilia ya mtunzi Mgiriki Euripides, iliyochezwa mwaka 405 KK baada ya mwandishi kufariki, mungu mwenyewe yumo jukwaani na anawapofusha watu kwa mkono wake. Dionysus anafika Thebes amevaa umbo la binadamu. Mfalme Pentheus anamkana na kumfunga pingu, naye Dionysus anamwambia: hujui unaishije, unafanya nini, wala wewe ni nani. Muda si mrefu Pentheus anatoka nje amevaa nguo za kike, akiona majua mawili na Thebes mbili, na anaongozwa hadi mlimani ambako mama yake Agave, aliyepagawishwa, anamrarua akidhani ni mwana wa simba. Agave anarudi mjini amebeba kichwa akijisifu. Mzee Cadmus, baba yake, hamkemei. Anamwambia atazame mbingu. Anamuuliza kama zinaonekana kama mwanzo. Anamuuliza aliolewa nyumba gani, na mtoto gani alizaliwa humo. Ndipo anamuuliza ni kichwa cha nani alichokishika. Maswali ya kawaida kabisa, moja baada ya jingine, na kila jibu linamrudisha hatua moja kwenye akili zake na kwenye msiba wake. Oedipus alijiuliza mwenyewe maswali yake. Agave ilibidi aulizwe.

Sophocles alirudi kwa Oedipus mwishoni mwa maisha yake, katika tamthilia iliyochezwa mwaka 401 KK baada ya yeye kufariki. Oedipus sasa ni mzee kipofu anayeongozwa na binti yake hadi Colonus, kitongoji cha Athens alikozaliwa Sophocles mwenyewe. Creon anamfuata huko na kumtupia tena yale ya baba na mama. Oedipus anamjibu kwa swali: mtu akikujia sasa hivi akitaka kukuua, utamuuliza kwanza kama ni baba yako, au utajikinga? Anasema matendo yake yalimpata zaidi ya alivyoyatenda. Hajawa mpole. Anamfukuza mwanawe kwa laana ya kutisha, hasira yake ikiwa ile ile ya njia panda. Kisha sauti ya mungu inamwita kwa jina, ikiuliza kwa nini wanakawia kuondoka, na anatwaliwa mbele ya Theseus, mfalme wa Athens, peke yake, mahali pa kaburi lake pakiwa ngao ya mji huo. Wanaosema Oedipus aliadhibiwa kwa kiburi wana deni la kueleza heshima hii, kwa maana mzee anayeitwa na mungu pale Colonus ana ulimi ule ule aliokuwa nao Thebes.